Vifaranga Hawa Ni wa Nani?

Jua lilikuwa limekwisha kupanda tulipofika kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga wa samaki upande wa Ahero, karibu na Kisumu, mimi na mama mmoja wa Nyakach ambaye amefuga ngege, yaani tilapia, kwa miaka mingi kuliko nilivyoandika kuwahusu. Kijana wa kituo alikuwa amechutama kando ya beseni, akiwachota vifaranga kwa chujio la chai na kuwahesabu kwa midomo isiyotoa sauti, kisha akiwamimina katika mfuko wa plastiki uliotiwa maji kiasi cha theluthi moja. Akapenyeza mpira wa oksijeni, mfuko ukafura, akaufunga kwa ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Ilikuwa kazi safi ya mtu aliyeizoea.

"Mwanangu," mama akamwuliza, "wazazi wa hawa mmewatoa wapi?"

"Ni wa hapa hapa, mama. Wakubwa tukishawauzia wenye hoteli, wale wanaobaki bwawani ndio tunaowazalisha."

Alijibu bila kuficha neno, kwa kuwa hakuona la kuficha. Mama akalipa, tukapakia mifuko kwenye tuktuk.

Wale wanaobaki.

Maneno hayo mawili yamenisumbua kwa majuma kadhaa sasa.

## Anayebaki bwawani

Samaki hudumaa kwa sababu nyingi. Huenda alianguliwa majuma matatu baada ya wenzake, huenda husukumwa pembeni wakati wa kulishwa, huenda ni jike aliyeanza kutaga mapema na chakula chote kikaishia kwenye mayai. Sababu za namna hiyo hazirithiwi. Lakini sehemu fulani ya kasi ya kukua hurithiwa, na mafanikio yote makubwa ya ufugaji wa ngege duniani yamejengwa juu ya sehemu hiyo. Anayewauza wenye kasi kila msimu na kuwazalisha waliobaki anafanya uteuzi wa kijenetiki kama wafanyavyo wataalamu, ila anaufanya kinyumenyume: analipia chakula, maji na vibarua ili apate samaki anayekua polepole kuliko babu yake.

Hakuna aliyekaa chini akapanga hivyo. Mwenye kituo anahitaji fedha za chakula kabla ya mwisho wa wiki, na samaki mkubwa ndiye mwenye mnunuzi. Simlaumu, ingawa hasara yake hailipi yeye. Hulipwa na mkulima aliye kilomita 30 kutoka hapo, miezi minane baadaye.

Lipo jambo la pili, na hili halionekani kwa macho kabisa. Dume la ngege huchimba kiota kwenye sakafu ya bwawa, hukilinda na kuwafukuza wapinzani. Jike hutaga pale, mayai yakisharutubishwa huyaokota na kuyaatamia kinywani mwake mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Katika mpango huo, madume machache yenye ubabe huwa baba wa karibu kila mtoto. Idadi ya wazazi unaowalisha na idadi ya wazazi ambao jeni zao zinafika kizazi kinachofuata ni idadi mbili tofauti.

Wanajenetiki wana hesabu fupi ya jambo hili, ambayo mtu anaweza kuifanya nyuma ya risiti. Zidisha madume kwa majike, zidisha jibu kwa nne, kisha gawanya kwa jumla ya samaki wote. Tuchukue wazazi 100. Wakiwa majike 75 na madume 25, uwiano ambao vituo vingi huufuata, jibu ni 75. Lakini madume wanaozaa kwa kweli wakiwa 5 tu kwa majike 95, jibu huporomoka hadi 19. Unanunua chakula cha samaki 100, lakini kwa upande wa urithi bwawa lako lina samaki 19.

Ukigawanya moja kwa mara mbili ya idadi hiyo, unapata kiasi ambacho kuzaana kwa jamaa huongezeka katika kila kizazi. Kwa 19, ni asilimia 2.6. Inaonekana kidogo. Vizazi vitano baadaye hufika kama asilimia 12.5, sawasawa na mtoto wa ndugu wawili waliochangia baba na kutofautiana mama. Na kwa kuwa ngege wa bwawani hupevuka akiwa na umri wa miezi michache, vizazi hivyo vitano havihitaji miaka mitano.

Dalili zake huja polepole: vifaranga wanaokufa bila sababu ya wazi, samaki wa rika moja wanaopishana mno kwa ukubwa, uti wa mgongo uliopinda hapa na pale. Mkulima hulaumu chakula, hulaumu maji, na akikosa pengine pa kulaumu hulaumu jicho la jirani.

## Kwa nini chaza

Huku kwetu Ziwa Viktoria chaza si kitoweo. Hata Pwani, ambako hung'ang'ania mizizi ya mikoko na miamba, ni wachache wanaowafuga. Hata hivyo, kila niliposoma kuhusu samaki wazazi nilirudishwa kwa chaza, kwa sababu kwao kila jambo la uzazi hutokea kwa kiwango kikubwa zaidi, na kosa ambalo kwa ngege hujificha kwa miaka, kwao hujitokeza msimu huo huo.

Jike mmoja wa chaza wa Pasifiki huachia mamilioni ya mayai majini kwa mara moja. Mwenye kituo anaweza kujaza maagizo ya wateja wake kwa wazazi wachache mno, na kishawishi cha kufanya hivyo ni kikubwa. Bahari yenyewe haigawi kwa usawa: Dennis Hedgecock, mwanasayansi wa Kimarekani, amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba miongoni mwa chaza wa porini, wazazi wachache wenye bahati wanaweza kuacha sehemu kubwa ya kizazi kizima, na wengine wote waliotaga siku hiyo hiyo wasiache chochote. Isitoshe, chaza hubeba shehena kubwa ya jeni zenye kasoro ambazo hukaa kimya mpaka jamaa wawili wakutane. Wakikutana, watoto hufa kwa wingi wakiwa bado hawaonekani kwa macho.

Mwaka 1957, ugonjwa unaoitwa MSX, unaoletwa na kimelea, ulizuka katika ghuba ya Delaware, Marekani, na kuwaangamiza chaza kwa kiwango ambacho wavuvi wa pale hawakuwahi kukiona. Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers alianza kuwazalisha walionusurika, kizazi baada ya kizazi, mpaka zikapatikana koo za chaza zinazohimili ugonjwa huo kuliko mababu zao. Ufaransa nako, chaza waitwao wa Ureno waliokuwa wakifugwa walifagiliwa na virusi mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mahali pao pakajazwa na chaza wa Pasifiki. Mwaka 2008 aina mpya ya virusi vya hepesi ikawashukia watoto wa hao waliokuja kuziba pengo. Watafiti walipochunguza familia moja moja waligundua kwamba uwezo wa kuvihimili virusi hivyo hurithiwa kwa kiasi kizuri, na uteuzi ukaanza upya.

Kilichonisimamisha katika habari hizo ni hiki: Haskin hakuumba uhimilivu. Aliukuta tayari umo ndani ya chaza wachache, umelala, haumsaidii wala kumdhuru yeyote, mpaka ugonjwa ulipofika. Kama chaza wote wa ghuba ile wangekuwa uzao wa wazazi watano wa kituo kimoja, huenda angeingiza mkono majini akatoka na maganda matupu.

Sisi tunavyo virusi vyetu vya kuwaza. Virusi vya TiLV, vinavyoua ngege, vilielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Israeli mwaka 2014, na baadaye vinasaba vyake vikapatikana katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na Tanzania. Ziwa halina ukuta katikati.

## Somo la mahindi, na mpaka wake

Mtu wa Magharibi ya Kenya haambiwi maana ya mbegu. Kuanzia Trans Nzoia hadi Siaya, kila mkulima anajua kwamba mahindi ya chotara hayarudishwi shambani kama mbegu mwaka wa pili, kwa sababu nguvu ile ya kizazi cha kwanza huvunjika. Chotara ya H611, iliyotolewa mwaka 1964, ilipatikana kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, na tangu hapo suala la asili ya mbegu limekuwa mazungumzo ya kawaida hata kwenye matatu.

Wafugaji wa chaza walifuata njia inayofanana na hiyo. Waligundua kwamba ukikutanisha koo mbili zisizo na ujamaa, watoto hukua na kustahimili kuliko pande zote mbili za wazazi. Nilitarajia kwamba dawa ya ngege wetu itakuwa hiyo hiyo: leta madume kutoka Busia, majike kutoka Kirinyaga, wakutanishe, kazi imekwisha.

Haikwishi hivyo.

Mwaka 1988, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa samaki ya ICLARM, ambayo leo inaitwa WorldFish, ilianza nchini Ufilipino mradi uliokuja kujulikana kama GIFT, kifupi cha Kiingereza cha ngege wa kufugwa walioboreshwa kijenetiki. Walikusanya ngege wa porini kutoka nchi nne za Afrika, yaani Misri, Ghana, Senegali na Kenya, pamoja na koo nne zilizokuwa zikifugwa Asia. Wakakutanisha kila kundi na kila jingine, njia zote 64, na kuwalea watoto katika mazingira tofauti. Nguvu ya chotara ilionekana, lakini ilikuwa ndogo. Faida kubwa haikuwa katika kuchanganya peke yake. Ilikuwa katika kuweka kundi la msingi lenye jeni za kila upande, kisha kuchagua familia bora humo ndani, kizazi baada ya kizazi, kwa vipimo vilivyoandikwa. Kwa njia hiyo kasi ya kukua ilipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kila kizazi katika vizazi vya mwanzo. Utaratibu wenyewe ulitokana na kazi iliyokwisha kufanywa na Wanorwe kwa samaki wa samoni tangu miaka ya 1970.

Mtu hawezi kuchagua familia bora asipojua nani ni wa familia ipi. Kwa hiyo kazi yote hiyo, pamoja na sifa zake, inasimama juu ya daftari.

## Waliokwenda na waliorudi

Mwaka 1994 samaki wa GIFT walipelekwa China, wakaendelea kuchaguliwa huko, na uzao wao ukaenea katika mabwawa ya nchi hiyo. Sasa mtu akipita katika masoko ya Kisumu atakuta katoni za ngege wa China waliogandishwa, na karibu nazo mama muuza samaki anayelalamika, kwa haki, kwamba hawezi kushindana na bei ile. Siwezi kumwonyesha kidole samaki mmoja ndani ya katoni na kudai namjua ukoo wake. Lakini si jambo la kubahatisha kusema kwamba baadhi ya ngege wanaofugwa China wana damu ya Kenya ndani yao.

Tulitoa mbegu, tunanunua minofu.

Rafiki yangu mwenye vizimba vya samaki ziwani, huko Usoma, husikia habari hiyo na kukata shauri papo hapo: turudishiwe basi samaki wetu walioboreshwa, tuwafuge, tushindane. Nimeshindwa kumjibu kwa urahisi, na sipendi wanaomjibu kwa urahisi. Yeye ana mkopo, ana wafanyakazi, ana samaki ambao wakati mwingine maji mabovu yenye oksijeni kidogo huinuka kutoka chini na kuwaua kwa usiku mmoja. Kumwambia habari za urithi wa viumbe wakati kizimba chake kinaelea samaki waliokufa ni kumkosea adabu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi taasisi iliyowatengeneza GIFT yenyewe ilikataa kuwarudisha Afrika. Sababu yake ilikuwa kwamba Afrika ndiyo nyumbani kwa ngege wa porini, na samaki akitoroka huku hatoroki kwenda kwa wageni, hutoroka kwenda kwa jamaa zake. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Nairobi mwaka 2002 ulitoa azimio lenye tahadhari ya namna hiyo. Baadaye msimamo ulilegezwa. Ghana ilipitia njia nyingine: taasisi yake ya utafiti wa maji ilichukua ngege wa mto Volta na kuwaboresha huko huko, wakapata ukoo unaoitwa Akosombo.

## Dume tupu

Hapa nitaje imani moja ninayoisikia sana. Wafugaji wengi huagiza vifaranga wa "dume tupu", waliolishwa chakula chenye homoni kwa majuma matatu au manne ya mwanzo, ili wote wawe madume, wakue haraka na wasijaze bwawa kwa watoto. Wengi wanadhani kwamba kwa kuwa kizimbani hakuna majike, samaki hao wakitoboa wavu hawataacha kitu ziwani.

Dume aliyegeuzwa kwa homoni bado ni dume kamili. Anaweza kurutubisha mayai ya jike wa kwanza atakayekutana naye nje.

Wenzetu wa chaza walilitafutia jambo hili jibu la kweli. Katika miaka ya 1990, Ximing Guo na Standish Allen wa Rutgers walitengeneza chaza wenye seti nne za kromosomu, ambao wakikutanishwa na wa kawaida huzaa watoto wa seti tatu, na hao wa seti tatu karibu hawazai kabisa. Kwa vizimba vyetu vya ghuba ya Winam sijaona kinga ya kiwango hicho. Tunachotegemea ni nyuzi za wavu, na fisi maji hutuonyesha mara kwa mara thamani ya nyuzi hizo.

## Kanyaboli na Loboi

Ngege aliyelisha mababu zetu, yule ambaye Michael Graham alimweleza kisayansi mwaka 1928 na ambaye leo huitwa *Oreochromis esculentus*, karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Nyavu za makila zilizoingia mwaka 1905 zilianza kumpunguza, kisha miaka ya 1950 akaletwa nyamami, yaani tilapia wa Naili, kutoka kwingine, kisha mbuta, yaani sangara. Anayeuzwa leo Dunga kwa jina la ngege kwa kawaida ni nyamami. Lakini ziwa dogo la Kanyaboli, lililojificha nyuma ya mafunjo ya Yala kule Siaya, limeendelea kumhifadhi ngege wa kale pamoja na mbiru, jamaa yake.

Upande wa Baringo kuna mfano unaonishangaza zaidi. Mwaka 2009, Dorothy Nyingi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzake walichapisha utafiti kuhusu nyamami wa kinamasi cha Loboi, karibu na Bogoria, penye chemchemi za maji ya moto. Watu walikuwa wakipita hapo miaka yote. Vinasaba vilionyesha kwamba hao ni kundi la asili, lenye historia yake, ambalo hakuna aliyekuwa amelitambua. Samaki aliyezoea maji ya namna hiyo huenda ana jeni ambazo mfugaji atazitamani sana siku joto la mabwawa yetu litakapozidi. Naandika "huenda" kwa makusudi, kwa sababu jeni zikishachanganywa na za samaki wa mfuko wa plastiki, hakutakuwa na njia ya kupima.

Nilikuwa nikidhani uhifadhi na ufugaji ni pande mbili zinazovutana, na kwamba mwandishi muungwana hutafuta katikati. Chaza wa Delaware wameniondoa hapo. Bwawa la porini ndilo ghala ambalo mfugaji hurudi kuchota pale ukoo wake unapochoka au ugonjwa unapoingia, na mradi wa GIFT usingekuwa na cha kuchagua kama Misri, Ghana, Senegali na Kenya zisingekuwa na samaki tofauti wa kutoa.

## Ninaposimama kwa sasa

Mwaka wa fedha wa 2009/10 serikali ilianza kuchimba mabwawa, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140. Mahitaji ya vifaranga yakaruka kwa ghafla, na vituo vikaota kila mahali kuyaridhisha. Naamini tabia ya kuzalisha yeyote aliyepo ilipata nguvu wakati huo, kwa sababu aliyeulizwa wakati ule aliulizwa idadi, hakuulizwa ukoo. Mabwawa mengi yamekauka tangu hapo, lakini tabia imebaki.

Kituo hakihitaji maabara ili kuanza. Kinahitaji kuwatenga wazazi wa msimu ujao kabla mnunuzi wa kwanza hajafika na mizani, wachaguliwe miongoni mwa wakubwa wa rika moja na kutoka mabwawa tofauti, siyo wote kutoka kwa jike mmoja aliyetaga vizuri. Madume wabadilishwe kila baada ya muda ili mbabe mmoja asitawale, na wengine waletwe kutoka mahali panapoweka kumbukumbu. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kituo chake cha Sangoro, Nyakach hapo hapo anapofugia yule mama, ambako kazi ya kuboresha ngege imekuwa ikifanywa, na Sagana iko Kirinyaga. Kila kundi la vifaranga liandikwe limetoka kwa nani. Gharama ya yote hayo itaongeza kitu kwenye bei ya kifaranga, na mkulima atalalamika, nami nitamwomba alinganishe na miezi minane ya chakula anachompa samaki asiyekua.

Kuhusu GIFT, jibu langu kwa rafiki yangu wa Usoma ni kwamba bado. Siyo ndani ya ziwa, na siyo kabla hatujaonyesha kwamba tunaweza kutunza ukoo mmoja wa kwetu kwa vizazi kumi bila kuupoteza, maana samaki bora wa dunia akiingizwa katika kituo kinachozalisha wanaobaki, baada ya miaka michache atakuwa kama hao tulio nao. Yeye ameniambia kwamba mimi sina kizimba, na kwamba maneno yangu hayalipi benki. Tumekubaliana twende Sangoro pamoja akaulize mwenyewe samaki wao wamefika kizazi cha ngapi, wanakua kwa kasi gani katika kizimba, na kama kweli wana wa kumwuzia.